Kengele ya Bukini

Diski imekuja kwa posta, ndani ya jalada gumu,
pamoja na kijitabu cha mafundi wanaojisifu kwa upole:
fremu elfu tisini na sita, kila moja imeoshwa,
vumbi limetolewa, mikwaruzo imezibwa,
rangi zimerudishwa pale wachoraji walipoziacha.

Nikacheka peke yangu jikoni.
Filamu niliyokua nayo haikuwa na rangi hizo.
Ilikuwa na rangi ya Ostrava.

Kanda yetu ilichakaa hadi theluji yake ikawa kijivu,
kijivu kilekile kilichotua madirishani petu
kutoka kwenye mabomba ya kiwanda cha chuma,
mama akikifuta Jumamosi, Jumapili kimerudi.
Tuliamini bukini yule anatembea mtaani kwetu.
Tulimtafuta nyuma ya gereji.

Leo theluji ni nyeupe kama maziwa,
na vivulini mwake mna zambarau kidogo
ambayo hakuna aliyewahi kuniambia ipo.
Naona hata njia ya brashi: mtu fulani, kwenye meza fulani,
rangi ilimwishia katikati ya bawa,
akachovya tena, akaendelea.

Apolena ana miaka saba. Anamenya chungwa.
"Mbona anatembea? Bukini si wanaruka?"
Subiri, namwambia.

Anayesubiri ni mimi.

Maana dakika ya arobaini na moja, kwenye kanda yetu,
bukini anafika ukingo wa mto ulioganda,
kengele shingoni, ananyanyua mguu,
na hapohapo baba alirekodi hoki.
Dakika nne. Mtangazaji anapayuka,
mtu wa jezi nyekundu anaanguka, goli hakuna,
halafu bukini yuko ng'ambo,
shingo tupu.

Baba aliapa alidhani kanda haina kitu.
Mama hakumsemesha hadi Pasaka.
Lakini kaka yangu Vojtěch, miaka tisa, mapengo mawili,
alisimama mbele ya televisheni,
akauziba uwanja mzima wa hoki kwa mgongo wake,
akatueleza ya mtoni.

Krismasi ile kengele alipewa samaki mzee
aliyetoroka beseni letu la kuogea kabla ya kisu.
Mwaka uliofuata iliuzwa kwa mwenye kivuko, kiziwi,
aliyeinunua kwa sababu ilimwasha kidoleni.
Mara moja bukini aliimeza, na ndiyo maana,
ukitega sikio, mwishoni analia kwa sauti ya bati.
Tulitega sikio.
Alilia kwa sauti ya bati.

Sasa dakika ya arobaini na moja.
Bukini ananyanyua mguu na, tazama, anaushusha.
Anatembea. Upepo. Anatembea tena,
mto ni mpana kuliko nilivyofikiri.
Utepe unakatika.
Kengele inateleza hadi kwenye tundu la wavuvi, tumbwi.
Anatazama tundu, labda sekunde tatu,
kisha anashika njia.

"Ndiyo hivyo tu?" anauliza Apolena.

Ndiyo hivyo tu. Na imechorwa vizuri, siwezi kusema uongo.
Hata mlio wake wa mwisho hauna bati tena:
sauti nayo wameiosha.

Nampigia Vojtěch. Yuko Norwe, ndani ya lori la samaki,
kwenye foleni ya kivuko, mvua inamnyeshea.
"Nimeona," namwambia. "Nimeona kengele ilikoenda."
Nasikia waipa za kioo chake zikienda, zikirudi,
zikienda.
"Usiniambie," anasema.
Kisha: "Yule mtoto yuko hapo? Mpe simu."

Namwangalia akisikiliza, mdomo wazi,
ganda la chungwa limening'inia kwenye dole gumba.
Natafuta rimoti chini ya mto wa kochi.
Namrudisha bukini hadi ukingoni
na kumsimamisha pale,
mguu juu,
kengele bado shingoni.